Fundi wa Vyuma Vilivyoshikana

Kiritiri kulikuwa na mafundi wengi wa pikipiki, lakini ni mmoja tu aliyeitwa Fundi bila jina la kuongezea. Ukisema umeipeleka kwa Fundi, hakuna aliyekuuliza yupi. Kibanda chake cha mabati kilikuwa mwisho wa soko, pale malori ya mchanga yanapopunguza mwendo kabla ya kona, na vumbi la malori hayo lilikuwa limepaka kila kitu chake rangi moja: makopo, benchi, kofia, hata kuku wake. Mafundi wenzake walishughulika na pikipiki mpya za boda boda, kubadilisha cheni na kukaza breki. Yeye aliletewa maiti. Pikipiki zilizolala ghalani miaka kumi, zilizosombwa na maji, zilizorithiwa na watu wasiojua kuziendesha. Zilikuja juu ya mikokoteni na pikapu, kutoka Embu na Siakago na hata Laare, injini zimeshikana, magurudumu hayazunguki, wenyewe wamesimama kando kama jamaa za mgonjwa.

Pikipiki ilipofika, kwanza hakuigusa. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akaitazama kwa muda wa kunywa chai kikombe kizima. Kisha alitoa plagi, na kwenye tundu lake akamimina mchanganyiko wake wa dizeli, mafuta ya gia na mafuta kidogo ya breki. Akaziba tundu kwa kitambaa. "Kesho," akamwambia mwenye pikipiki. Kesho yake akamwambia tena kesho. Bolti zenye kutu alizipaka mchanganyiko huo huo asubuhi na jioni, akizigonga pembeni taratibu kwa kipande cha mti, si kwa nyundo. Vyuma vidogo alivichemsha kwenye sufuria ya maji ya mkwaju, ule tunaouita muthithi, mpaka kutu ikatoka yenyewe kama ugali uliolowekwa. Na siku ya kufungua nati, aliikaza kidogo kwanza.

"Mbona unakaza tena?" nilimuuliza nilipoona mara ya kwanza.

"Mtu mkaidi mkubalie kidogo," alisema. "Akishalegea, mrudishe unakotaka."

Siku moja bwana mmoja wa Embu, mwenye tai, alichoka kuambiwa kesho. Alikuwa ameng'ang'ania kwamba pistoni ipigwe nyundo imalizike. Fundi hakubishana. Aliinuka, akachukua nyundo kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akamkabidhi. Halafu akasukuma pikipiki yake hadi barabarani, akaisimamisha hapo kwa heshima. "Nyundo umepewa, pikipiki ni yako," akasema. "Nenda kaipigie kwako. Hapa hatuui." Yule bwana alirudi baada ya wiki mbili, silinda imepasuka. Fundi alitaka nyundo yake tu.

Lakini uvumilivu wote huo aliutumia kwa chuma. Kwa binadamu hakubakisha hata kijiko. Alikuwa na vinyongo kama wengine walivyo na mifugo: alivijua kimoja kimoja, umri wake na kilipozaliwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu vilivyokunjika kuelekea ndani, kama mtu aliyeshika yai, na kazi nyingi alizifanya kwa wa kushoto. Mama mmoja aliyekaanga chapati sokoni aliwahi kumtania: "Wewe ngoja, huo mkono wako hauna haraka." Watu wakacheka. Kwa miaka mitatu Fundi alipita mbele ya jiko lile bila kugeuza shingo, akaenda kununua mandazi baridi upande wa pili wa soko. Yule mama alimtumia chapati mbili kwenye karatasi kumwomba radhi. Zilirudi kwenye karatasi ile ile, haijafunguliwa.

Kisha yule mama akafiwa na mumewe. Aliyefika wa kwanza na jembe begani ni Fundi. Alichimba kaburi pale kwenye mawe ya Mbeere, kwa mkono mmoja na nusu, kuanzia asubuhi hadi jua la utosi, na hakukubali kupokewa jembe. Mama akadhani yamekwisha. Siku iliyofuata alimsalimu, naye akapita kama hajasikia.

"Nilichimbia marehemu," aliniambia. "Yeye hakunicheka."

Kanisani alikuwa na sauti nzito iliyobeba kwaya nzima. Lakini tulipofika kwenye Baba Yetu, mahali pa kuwasamehe waliotukosea, alikuwa akinyamaza. Watu wote waliendelea, yeye alifunga mdomo akatazama dirishani, akajiunga tena kwenye majaribu. Mchungaji alimwita ofisini juu ya jambo hilo. Fundi alimjibu kwamba hawezi kumdanganya Mungu mbele ya watu, tena Jumapili.

Na kulikuwa na beberu. Kila mwaka alinunua mmoja, mkubwa, mwenye kiburi, akamwita Tajiri. Alimlisha maganda na majani ya mikunde, akamfunga kamba nyuma ya kibanda, na kila Krismasi akamchinja, akala, akaalika majirani. Januari alinunua mwingine, naye akawa Tajiri. Mimi ni afisa wa mifugo, na watu huniita Daktari. Mwaka mmoja aliniita nimtibu Tajiri wa mwaka huo, alikuwa na homa na macho yanatoa machozi.

"Mponye, Daktari," aliniambia, amenishikilia begi la dawa. "Huyu hawezi kufa kifo chake mwenyewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mimi nililetwa kwake na chuki yangu mwenyewe, na huenda ndiyo sababu tulielewana upesi. Niliolewa Mitunguu, kwenye mashamba ya ndizi, na mume wangu aliugua miaka mitatu akafariki. Kabla majani ya kaburini hayajakauka, kaka yake alikuja na wazee wawili kuniambia kwamba shamba ni la ukoo na mimi sikuacha mtoto. Nilitoka na nguo, vyombo, na pikipiki ya mume wangu iliyokuwa imesimama chini ya paa la kukusanyia ndizi tangu augue. Maji yalikuwa yakidondokea injini miaka yote hiyo. Shemeji alisaidia kuipandisha kwenye lori kwa mikono yake, akicheka. "Chukua chuma chako," alisema. "Hicho hakitanguruma tena, kama mwenyewe."

Maneno hayo nilikuja nayo Kiritiri nilipohamishiwa kazi. Nilimwambia Fundi siku ya kwanza, kabla hata hajavuta kigoda.

Alinitazama, akaitazama pikipiki. "Alisema hivyo? Kama mwenyewe?"

"Hivyo hivyo."

"Basi kazi hii utaifanya wewe. Mimi nitakuonyesha."

Ilituchukua miezi. Nilitoka kudunga mbuzi sindano nikaja kupaka bolti mafuta. Alinifundisha kuweka pikipiki gia ya juu na kulitikisa gurudumu la nyuma, mbele na nyuma, upana wa kidole tu, bila kulazimisha, siku baada ya siku. Alinifundisha kupasha moto kichwa cha bolti kisha kuigusa na mshumaa, ili nta inyonywe ndani ya nyuzi zake. Nilipochoka nikalia, alinipa kitambaa cha kujifutia chenye grisi. Siku moja mchana nilitikisa gurudumu kama kawaida na likaenda. Si upana wa kidole, bali mzunguko mzima. Pistoni ilishuka ndani ya silinda ikitoa sauti ya mtu anayepumua. Nilipiga kelele mpaka dereva wa lori la mchanga akasimama akidhani nimeumia.

Ilipoanza kunguruma, Fundi alivaa koti lake la kanisani, akakaa nyuma yangu.

"Tunaenda wapi?" nikamuuliza.

"Usijifanye hujui."

Tukapita Embu, Runyenjes na Chuka, tukateremka hadi Mitunguu jua likiwa katikati. Shemeji alikuwa langoni na wanunuzi wa ndizi. Nilipita taratibu, nikipiga honi. Aliitambua kwanza pikipiki, kisha mimi. Mdomo wake ulifunguka, na mkungu aliokuwa ameushika ukamponyoka. Nikageuka, nikapita tena. Nilikuwa nimetosheka, nikataka kushika njia ya kurudi, lakini Fundi alinigusa bega.

"Mara moja zaidi," alisema. "Hii ni yangu."

Tulipokuwa tukirudi tulipumzika kando ya barabara, karibu na daraja la Thuci, tukanunua soda. Uso wangu ulikuwa unauma kwa kucheka. Yeye alikuwa akizungusha chupa kwenye ule mkono uliokunjika.

"Wewe leo umekula chako," alisema. "Changu bado kiko jikoni."

Ndipo aliponieleza. Zamani alikuwa fundi mkuu kwenye gereji kubwa ya mtu binafsi mjini Embu. Mwenye gereji walimwita Tajiri. Siku moja magneto ya pikipiki ya mteja, ile inayotoa cheche, ilipotea. Wakati huo kifaa hicho kilikuwa adimu kama jino la kuku. Tajiri alifunga mlango wa chuma, akawapanga mafundi ukutani, akasema mwizi anamjua. Alimshika Fundi mkono wa kulia, akauingiza kwenye jiliwa, lile tunaloliita vaisi, la kubania chuma mezani.

"Kila aliponiuliza nikakataa, alizungusha nusu," Fundi alisema. "Nusu, swali. Nusu, swali. Aliuliza mara sita. Wenzangu walikuwa wanatazama viatu vyao."

Nilikumbuka kwamba sijawahi kuona jiliwa kibandani kwake. Vyuma vyake alivibana kwa magoti, au alivifunga kwenye gogo kwa mpira wa tyubu.

"Ulishtaki?"

"Nilishtaki. Nikaambiwa nilete mashahidi. Mashahidi wote walikuwa wanakula kwake." Alikunywa soda. "Baada ya wiki tatu magneto ilionekana. Ndugu yake Tajiri alikuwa ameiuza Meru. Kila mtu akajua. Tajiri hakuja. Hakutuma mtu kusema pole. Siku moja lilikuja gunia la mchele langoni kwangu, bila neno. Niliacha kuku wakalimaliza."

"Na sasa ungemfanya nini?"

"Sijui bado," alisema. "Sina haraka. Umeniona nikifanya kazi."

Niliishi Kiritiri miaka mingi baada ya hapo. Nilimzoea, nikazoea hata kungoja kwake. Na nitasema ukweli: nilikuwa nikimchochea. Nilipomtembelea nilimuuliza habari za Tajiri kama mtu anayeulizia habari za mgonjwa. Nilikuwa nimeonja kwa shemeji nikaona ni tamu, nikataka naye aonje.

Kisha siku moja ya soko pikapu ilisimama mbele ya kibanda, ikashuka mama wa umri wa miaka arobaini hivi, mpole, amevaa kama mwalimu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na pikipiki kuukuu, nyeusi, tangi lenye mstari wa dhahabu uliofifia. Nilikuwa nimekaa ndani nikinywa uji. Nilimwona Fundi akisimama. Yeye hakuwahi kumsimamia mteja.

"Shikamoo, mzee," yule mama alisema. "Ni ya baba yangu. Ndiyo aliyoanzia maisha. Imekwama kila mahali. Embu yote wameshindwa, wakaniambia nije kwako. Baba hajiwezi miguu sasa, na kila siku anataka kuisikia tu kabla hajaenda."

"Baba yako anajua umeileta wapi?"

"Nilimwambia kwa fundi wa Kiritiri. Alinyamaza. Akasema nifanye nipendavyo."

Fundi aliizunguka pikipiki. Alipitisha kidole kwenye ule mstari wa dhahabu. Baadaye aliniambia kwamba mstari huo aliuchora yeye, wakati vidole vyake vyote vilikuwa vinanyooka.

"Nitaifanya," alimwambia. "Lakini nina sharti moja. Ikiwa tayari, aje mwenyewe."

Alipoondoka, nilimshika Fundi mkono. "Umempata Tajiri," nilimwambia. Nilifurahi kama ni adui yangu mwenyewe.

Sijaona kazi kama ile. Majuma kumi na mawili hakupokea pikipiki nyingine. Alichemsha mkwaju sufuria baada ya sufuria. Kabureta ilitoka imeng'aa kama kijiko cha harusi. Kichwa cha silinda kilikuwa kimeungana na silinda kwa kutu, akakaa nacho siku tisa, akipasha, akipaka, akigonga kwa mti, mpaka kikajiachia bila hata mkwaruzo. Hakuvunja bolti hata moja. Nilimuuliza kama amepanga kuiharibu. Alikasirika.

"Niharibu kazi?" alisema. "Mimi?"

Alipowapigia simu, walikuja siku ya soko. Binti alimteremsha baba yake, akamketisha kwenye kiti cha plastiki. Nilikuwa nimemwaza Tajiri kama jitu. Alikuwa mzee mwembamba aliyevishwa sweta mbili kwenye jua la Kiritiri, mikono inatetemeka juu ya fimbo. Watu walikuwa wamejaa: wauza mbuzi, madereva wa mchanga, mama wa chapati. Habari zilikuwa zimetangulia, na ninaungama kwamba mimi ndiye niliyezitanguliza.

Fundi alitoka na pikipiki. Ilikuwa inang'aa. Alizungusha gurudumu kwa kidole kimoja, likazunguka bila sauti.

"Karibu, Tajiri," alisema. "Kila kitu kimefunguka. Kimebaki kifaa kimoja sijakifunga." Akatoa mfukoni magneto, akaishika juu watu waione. "Hii. Nani aliiba?"

Binti alitazama huku na huku. "Mzee, sielewi. Nani ameiba nini?"

"Baba yako anaelewa."

"Hayo ni mambo ya zamani," Tajiri alisema. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Mimi sina ya zamani. Nani aliiba?"

Mzee alitazama pikipiki yake kwa muda mrefu, kisha akamtazama binti yake, kisha ule mkono uliokunjika.

"Hukuiba," alisema.

"Sema kwa sauti. Hawa wamezoea kelele za malori."

"Hukuiba! Alikuwa ndugu yangu." Akapumua. Angeweza kuishia hapo. Sijui ni uzee au ni kuchoka kubeba, lakini aliendelea. "Nilijua. Nilijua kabla sijakushika mkono. Lakini lazima angepatikana mtu."

Nilimwona Fundi akipokea maneno hayo. Miaka yote alikuwa amemngoja mtu aliyekosea. Hakuwa amejiandaa kwa mtu aliyejua. Binti aliweka mkono mdomoni, akasema, "Baba," mara moja tu, kama anayemwita mtu aliye mbali.

Fundi aliinama. Nilidhani anaanguka, kumbe alikuwa anafunga magneto. Aliifunga bila kuharakisha, akakaza kila skrubu, akafungua mafuta, akapiga kiki mara moja. Injini ikawaka. Ilinguruma taratibu, pigo baada ya pigo, safi, na Tajiri akafumba macho. Machozi yalimtiririka, akawa anatikisa kichwa kwa kufuata mpigo wake. Kwa dakika hiyo hata mimi nilisahau kilichotuleta.

Kisha Fundi akachukua spana, akapiga goti, akafungua nati iliyo chini ya injini. Oili ilimwagika kwenye vumbi, nyeusi, yote. Injini ilikuwa bado inanguruma. Alisimama, akashika mkono wa usukani wa kuongezea mafuta, akauzungusha mpaka mwisho.

Mafundi wenzake walielewa kabla yetu. Mmoja alipiga kelele, "Fundi, usifanye hivyo!" Injini ilipanda sauti, ikapanda tena, ikawa inapiga yowe. Moshi wa bluu ukatoka, kisha harufu ya chuma kinachoungua. Tajiri alifumbua macho. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa. "Zima," alisema. "Zima, nakuomba." Fundi alimtazama usoni, mkono haukulegea. Injini ilikwaruza kama meno, ikagonga mara moja, ikakata.

"Ipandisheni kwenye pikapu," Fundi alisema. "Irudi jinsi ilivyokuja."

Sitadanganya kwamba nilihuzunika. Nilifurahi. Nilitaka kupiga makofi, na nadhani nilianza. Kisha nikamwona yule binti. Hakuwa anamtazama baba yake wala Fundi. Alikuwa amepiga magoti kwenye ile oili na nguo zake safi, ameweka kiganja juu ya silinda iliyokuwa inaungua, na hakukiondoa mpaka mama wa chapati alipomvuta.

Watu waligawanyika. Wengine walisema ilikuwa haki, wengine walisema mzee asiyeweza kusimama hafanyiwi hivyo. Miezi miwili baadaye tukasikia Tajiri amefariki, na muda si mrefu mimi nikahamishiwa Laare, kwenye vilima vya miraa, ambako mbuzi ni wachache na baridi ni nyingi.

Nilimwona Fundi tena mwaka jana. Nilikuwa likizo, nikapitia Kiritiri asubuhi ya siku ya kazi. Alikuwa ameketi nje ya kibanda, shati limepigwa pasi, mikono haina grisi. Tulisalimiana sana. Nilimuuliza mbona hakuna pikipiki hata moja imengoja nje.

"Iko moja ndani," alisema.

Nilichungulia. Ilikuwa ile nyeusi. Ilisimama katikati ya kibanda kitupu, injini imefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya gunia safi.

"Yule binti aliileta baada ya mazishi," Fundi alisema. "Alikuja peke yake. Akaniambia, 'Baba alikukosea, nimekubali. Mimi nilikukosea nini?' Akaniomba niifungue tena."

"Ukakataa?"

"Nikakubali. Nimekaa nayo mwaka mzima. Nimeweka mafuta, nimeweka moto, nimechemsha. Pistoni iliyeyuka ikawa kitu kimoja na silinda. Krenki, chuma kinachozungushwa na pistoni, imeungua. Vipuri vyake havipo tena duniani." Alivitazama vidole vyake. "Haitafunguka, Daktari. Siku ile nilifanya kazi nzuri sana."

"Umemwambia aje aichukue?"

"Alikuja. Nikamwambia nimeshindwa. Nilidhani atalia." Lori lilipita, likatutimulia vumbi. "Hakulia. Akaniambia, 'Basi baki nayo. Uiangalie kila ukifungua mlango.' Akaenda zake."

Nilikaa kwenye kigoda kando yake. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilikuwepo, kwamba ni mimi niliyeita watu, lakini alikuwa anajua. Badala yake nikamuuliza kama anajuta.

Alikuna kidevu kwa ule mkono.

"Kwa yule mzee, hapana," alisema. "Hata leo akifufuka, nitaifungua ile oili tena. Lakini yule binti ningemtuma dukani kwanza."